Bawa Mfukoni mwa Koti

Nimeibeba aibu hii miaka mingi, na ningeendelea kuibeba kimya kimya kama si watu fulani wanaoisimulia vibaya kila kukiwa na sherehe (wanasema yalikuwa mabawa mawili na paja, lilikuwa bawa moja, na mashahidi wapo), kwa hivyo acheni niiseme mwenyewe, mcheke mara moja, tumalizane.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kitengela bado ina vumbi kuliko nyumba, na mimi nilikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya upili huko, kijana kutoka Kakamega, chumba kimoja cha kupanga, jiko la mafuta na redio. Nilikuwa nampenda Nyambura, aliyefundisha shule ya msingi ng'ambo ya barabara ya Namanga, na baba yake, Mzee Njoroge, alikuwa anaangua vifaranga na kuwauzia watu mpaka Kajiado. Mzee huyo alikuwa amesema wazi kwamba hana neno na kabila la mtu, ila binti yake hataolewa na mwongo. Jumamosi hiyo ndiyo nilikuwa naenda kuonekana kwao kwa mara ya kwanza. Nikikubalika, wazee wangepanga siku ya mahari. Nikikataliwa, basi, kwa sababu Nyambura alikuwa ameniambia hatatoroka kwao kwa ajili ya mtu yeyote, hata mimi.

Nilienda na baba mdogo, Mzee Makokha, aliyetoka Kakamega kuja kunisemea kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimevaa koti la rangi ya krimu nililoazima kwa mwalimu mwenzangu, na tulipokuwa tunaingia kwa lango baba mdogo alinishika mkono akanipa onyo moja tu.

"Sikiza. Hawa watu wamesikia vile sisi Waluhya hupenda kuku. Wakileta kuku, kula kidogo, kula kama mtu ameshiba. Usinitie aibu."

Nikasema sawa, na nilikuwa namaanisha.

Sasa, kabla kuku hajafika mezani, lazima niwarudishe kidogo mpaka Alhamisi, darasani, form four. Siku hiyo nilikuwa nafundisha mageuzi, nikawaambia kwamba mkono wa mtu, bawa la popo na bawa la kuku ni kiungo kimoja kilichochukua njia tofauti, na kwamba kuku naye ana vidole, vitatu, vimejificha ndani ya bawa, na ukimchungulia akiwa bado ndani ya yai, siku za mwanzo, utaona mkono unaota ukiwa na dalili za vidole zaidi ya hivyo, halafu vingine vinapotea kabla hajatoka. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, kwani kuku alikuwa anashika nini?" Darasa likacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia kuna nini. Nikaapa mbele yao kwamba Jumatatu nitaleta mifupa waione kwa macho. Tatizo ni kwamba kuku wa bucha huja amekatwa ncha za mabawa, na vidole viko hapo hapo kwenye ncha.

Haya, turudi mezani. Mama Nyambura alikuwa amesikia mgeni ni Mluhya, kwa hivyo hakusumbuka kufikiria mbuzi, akaleta kuku wa kienyeji, chapati na waru, yaani viazi. Jirani yao, Mzee Ole Sankale, mfugaji wa Kimaasai, naye alikuwa amealikwa aje aone mgeni, lakini alikuwa na sahani yake ya maharagwe kando kwa sababu yeye hali ndege. Nikaandaliwa sahani. Juu yake kulikuwa na bawa, bawa kamili, halijakatwa ncha, limeiva vizuri, ngozi inateleza, na nikiliangalia naona vidole vyote vitatu vimelala humo vikiningoja.

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, naomba nibebe hiki kipande, ni cha kufundishia." Maneno machache tu. Lakini nikajiambia, Mluhya aende ukweni siku ya kwanza aombe kufungiwa kuku wa kubeba? Hadithi hiyo ingefika Kakamega kabla yangu. Kwa hivyo nikangoja waangalie kando, nikalikunja bawa katika kitambaa cha mkono, nikalitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, nikaendelea kula waru polepole kama mtu ameshiba. Baba mdogo akaniangalia kwa fahari.

Sahani zilipotolewa Mzee Njoroge akasema mgeni asimame ajitambulishe. Nikasimama. Nilikuwa nimefika kwa jina la babu yangu nilipomwona Nyambura ameacha kutabasamu, anaangalia kifua changu, na mimi nikaangalia. Mafuta yalikuwa yamepita kitambaa, yamepita mfuko, na sasa yalikuwa doa kwenye koti la watu, saizi ya sahani ya kikombe, na lilikuwa linaendelea kukua. Nikaliziba kwa mkono.

"Mwalimu, ni kifua?" Mama Nyambura akauliza.

Hapo ningeweza bado kujiokoa. Lakini mdomo wangu ukasema, "Ni moyo, mama. Hupiga piga kidogo, si kitu."

Baba mdogo aligeuka kuniangalia kama mtu ameuziwa ng'ombe mgonjwa, kwa sababu nusu saa mapema alikuwa amewaambia kwamba ukoo wetu hauna ugonjwa wowote, watu wetu hufa kwa uzee. Mzee Njoroge akauliza taratibu nimekuwa na huo moyo tangu lini. Nikasema, tangu juzi (uongo wa pili, na huo nao sikuulizwa mara mbili). Mama Nyambura, ambaye ni mtu wa maombi na hawezi kuona mgonjwa akamwacha hivyo, akasimama, akaja, akasema tuinamishe vichwa, akatoa mkono wangu kwenye kifua na kuweka wake.

Aliomba maneno kama manne. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kando kidogo.

"Baba Nyambura," akasema macho bado amefumba, "huyu mtoto wa wenyewe mfupa umetoka nje."

Nikarudi nyuma hatua moja, koti likafunguka, na bawa likaanguka kwenye zulia, limetoka kwa kitambaa, mbele ya viatu vya Mzee Njoroge.

Nitawaambia ukweli, niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilimwangalia Nyambura na yeye akaangalia dirisha, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Baba mdogo alifunika uso kwa kofia yake. Kutoka ndani ya kofia nikamsikia akisema, "Kuku. Nilisema tu kuku."

"Ni la kufundishia," nikasema. "Baba, nisamehe. Sina moyo. Yaani, moyo ni mzima. Hili bawa ni la Jumatatu, la form four, nataka kuwaonyesha vidole."

"Vidole vya nani?" akauliza Mzee Njoroge.

"Vya kuku."

Aliokota bawa mwenyewe, akaliweka juu ya gazeti mezani, akakaa. "Basi fundisha," akasema.

Nikafundisha, ningefanya nini. Nilibandua nyama kwa kisu cha mama, nikawaonyesha mfupa wa mkono wa juu, ile miwili ya chini, kifundo, halafu vidole: kidogo cha mbele, kirefu cha katikati, na kile kingine kidogo kilichojibana kando. Nikasema hiki cha mbele ndicho gumba. Mzee Ole Sankale alikuja na fimbo yake akainama kuangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana sisi hatuli hii kitu," akasema. "Iko na mkono kama mtu."

Nilidhani watacheka, nipate pa kupumulia, lakini Mzee Njoroge aliinuka akatoka nje kwenda kwa banda la mashine zake za kuangulia. Nilijua amekwenda kutafuta mtu wa kunitoa. Akarudi ameshika kifaranga cha siku moja, akakivuta bawa taratibu chini ya dirisha, akaniita. Pale kwenye ncha ya kile kidole cha mbele kulikuwa na ukucha, mdogo kama punje ya mtama uliovunjika.

"Yai likikataa kuanguliwa mimi hulivunja nione limefia siku gani," akasema. "Siku ya tano mkono na mguu ni vijiko viwili, huwezi tofautisha. Siku ya nane vimeshaachana. Hivi vidole nimeviona kabla wewe hujaenda shule. Sasa niambie, mwalimu. Umesema hiki ni gumba. Nani alikwambia ni gumba na si kile kinachofuata gumba?"

Nikafungua mdomo kumjibu kama vile ninavyojibu darasani, kwa sauti kubwa. Halafu nikafikiria ule moyo wangu wa juzi, na nikachoka kudanganya.

"Sijui, baba," nikasema. "Hata wataalamu wanabishana. Wanaosoma mifupa ya zamani wanasema ni kidole cha kwanza, cha pili na cha tatu. Wanaochungulia ndani ya yai wanasema ni cha pili, cha tatu na cha nne, eti cha kwanza ndicho kilipotea. Mimi nilisema gumba kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui."

Akakirudisha kifaranga kwenye kiganja, akakifunika kwa mkono wa pili kisishikwe na baridi. "Hilo ndilo jambo la kwanza la kweli umesema tangu uingie hapa," akasema. "Makokha, toa kofia kwa uso. Tuongee."

Jumatatu niliingia form four na bawa la pili, zima, na mayai saba yaliyokataa kuanguliwa, kila moja mzee ameliandikia kwa penseli siku anayokisia limefia. Msichana wa kiti cha nyuma hakuuliza kuku alikuwa anashika nini.

Sijawahi kutia chakula mfukoni tena, hata peremende, na nikitaka kitu cha mtu naomba, nicheke nikichekwa. Koti nililipa. Nyambura alinisamehe baada ya wiki mbili, akanioa (ndivyo anavyosema yeye), na mpaka leo tukienda kwao mama akipakua, mzee huchukua bawa kwa mkono wake, akaliinua juu watoto wetu wote waone, na kuniuliza, "Mwalimu, hili ni la kula ama la kufundisha?" Nami humjibu ukweli, kwa sababu katika nyumba ile ukweli ndio ulionipa mke.