Maji Yapande Katikati

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: "Utatoshea hapa?" Msimamizi wa usafi alinionyesha mlango wa tangi, tundu la duara lililo chini ubavuni. Wanaume watatu walikuwa wamejaribu wakakwama mabegani. Mimi nilikuwa mwembamba. Nikaingia, nikasugua, nikaajiriwa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya siki ya ndizi huku Mitunguu.

Siki hutengenezwa na vijidudu, na vijidudu hao hawaishi bila hewa. Kwa hivyo chini ya tangi kuna bomba la mviringo lenye vitundu. Kompresa inasukuma hewa, mapovu yanapanda na kuvuta maji juu. Nilipopandishwa cheo kuwa mwendeshaji, Injinia aliniambia, "Mama Kendi, usichunge mapovu, chunga maji. Yapande katikati, yashuke ukutani. Yakilala mahali, hapo siki imekufa." Kuosha bado ilikuwa kazi yangu, maana nani mwingine angetoshea?

Tangi dogo halikutusumbua. Kisha likaja kubwa, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, nalo pia nikawa naliosha kabla ya kila siki. Siki ya kwanza ikaharibika. "Ongezeni hewa," Meneja akaamuru. Tukaongeza, tukapata povu mpaka kwenye ngazi, na ya pili ikaharibika vilevile. Meneja akatuita wote.

"Ya tatu ikiharibika, tangi linauzwa na nyinyi wa tangi mnaenda nyumbani."

Alisema polepole, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Majirani zangu walikuwa wakituletea ndizi ndogo ambazo wanunuzi wa soko la Gakoromone hawazitaki. Zingerudi kuwa chakula cha ng'ombe.

Nikamwomba Injinia siku moja ya kuendesha tangi kwa maji matupu. Kwetu, uji wa harusi ukipikwa kwa pipa, kuna mama wa kuangalia povu tu. Likikimbilia upande mmoja, anajua kuni zimeegemea, moto hauko sawa chini ya pipa. Basi nikamenya ndizi mbichi, nikakata vipande, nikavitupa kutoka juu ya ngazi. Vikazama. Vilipoibuka, viliibuka vyote upande wa barabara, vikavuka, vikazama upande wa kompresa. Katikati, hakuna.

"Kuni zimeegemea," nikamwambia Injinia. Ilibidi nimweleze mambo ya harusi kwanza.

Tukamwaga maji, nikaingia na mpira mrefu mwangavu uliojaa maji, ule ambao mafundi wa nyumba hupimia usawa wa msingi. Upande mmoja wa bomba ulikuwa chini kwa vidole viwili. Hewa ni mvivu, ilikuwa inatokea upande ulioinuka tu. Na pale palipolala nilipajua vizuri. Ndipo mguu wangu ulipotua kila nilipoingia kuosha.

Nilichuchumaa humo kitambo. Ningenyamaza, nani angeingia kuangalia? Niliogopa sana, siwezi kudanganya. Mwishowe nikatoa kichwa nje.

"Injinia, bomba limelala upande mmoja. Ni mimi nimekuwa nikilikanyaga."

Akanitazama. "Unaweza kuliinua?"

"Naweza."

"Basi inua. Meneja niachie mimi."

Nikasukumia vipande vya chuma chini ya bomba mpaka maji ya mpira yakalingana kila upande. Tulipojaza tena, vipande vya ndizi viliibuka katikati, vikatawanyika, vikashuka ukutani pande zote. Nikapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, juu ya ngazi, mtu mzima mimi. Siki ya tatu Meneja aliionja, akakohoa, akaonja tena. "Hii sasa ni siki," akasema. Tangi halikuuzwa, na hakuna aliyeenda nyumbani.

Baadaye nilitumwa Embu mjini kuanzisha tangi jingine, kisha Kiritiri, kwenye siki ya maembe. Kila mahali, kama tulivyofanya Mitunguu, kabla ya kompresa kuwashwa niliagiza kidaraja cha kukanyagia ndani ya tundu. Wakubwa walicheka. Mabomba yangu hayakulala.

Nilirudi Mitunguu kustaafu. Siku ya kuniaga, keki ilikuwa tayari mezani wakati mwoshaji wa sasa, mama wa watoto wawili, mwembamba kama nilivyokuwa, aliponivuta kando.

"Mama Kendi, jana nilikosa kidaraja nikakanyaga bomba. Sijaambia mtu."

"Umeniambia mimi," nikamjibu. "Leta mpira."

Meneja akangoja na hotuba yake. Mimi sitoshei tena kwa lile tundu, mwili umekataa. Mwenzangu akaingia, mimi nikashika ncha ya mpira nje, tukapima. Bomba lilikuwa sawa.