Siku Niliyotafsiri Kihindi Mbele ya Mama Mkwe

Mi habari hii sipendi kuisimulia, na nyie mnaocheka kabla sijaanza mnajua kwa nini, maana mpaka leo nikipita sokoni Gitega lazima mtu mmoja aite, "We Mhindi! Yule mama anasema nini?" na mi napita tu kama sisikii. Bon, acheni niiseme mwenyewe, afadhali aibu yangu niibebe mimi kuliko kuwaachia watu waitie chumvi.

Miaka ile ya vita nilikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, televisheni moja, deki moja, jenereta moja yenye kukohoa. Tulionyesha mchana tu, maana jua likizama kila mtu anajifungia kwake. Filimu za Kihindi watu walizipenda kufa, shida ni kwamba hakuna aliyejua Kihindi, ndipo mi nikawa mtafsiri, nasimama pembeni na fimbo nawaambia kwa Kiswahili nani anasema nini, na watu wanalia, wanacheka, wananipigia makofi. Kihindi nilijifunza wapi? (Hakuna mahali. Nilikuwa natunga.) Naangalia sura, naona huyu amekasirika, nasema amekasirika kwa sababu ya shamba, basi, imekwisha. Nani atanibisha?

Halafu nikampenda Zaina, binti wa Muyinga aliyekuwa akija Gitega kwa dada yake kuuza vitenge. Yeye alinikubali, lakini akaniambia wazi, "Kwetu baba alishafariki, anayesema ndiyo ni mama. Na mama hapendi mtu wa maneno mengi. Kitu anachopenda ni filimu za Kihindi." Mi nikasikia hilo la filimu tu. Nikamwomba mjomba Hamisi awe mshenga wangu, tukangoja konvoi ya wanajeshi kwa sababu barabara ya Karuzi wakati ule huwezi kuipita peke yako, tukapanda lori juu ya magunia, nimeipakata deki njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Sasa kosa liko hapa. Kaseti mpya nilikuwa nazo, lakini nikachukua ile ya zamani kuliko zote, isiyo na rangi, ambayo vijana wa Gitega wakiiona tu wanapiga miluzi niitoe. Hata mi mwenyewe sikuwahi kuifikisha mwisho. Nilijiambia hivi: filimu iliyozeeka namna hii, walioiona wamekufa au wamesahau, kwa hiyo nitasema ninavyotaka na nitaonekana msomi.

Muyinga tukapokelewa vizuri, tukala, na baada ya swala ya alasiri sebule ikajaa majirani, vijana mbele, Mama Zaina na rafiki zake nyuma kwenye mikeka. Mjomba Hamisi alishasema maneno yake ya ushenga, kwamba mi ni mtu wa ukweli tangu utoto. Nilipotaja jina la filimu mama akaweka mkono kifuani. Nikasema moyoni, leo nimeoa.

Nikashika fimbo. Ikafika pale mwanamke mzee analia mlangoni na kijana anaondoka na sanduku. Nikasema kwa sauti, "Huyu bibi amekamatwa! Ni mwizi wa kuku, na kijana anakwenda kumshitaki!" Gitega mwizi wa kuku hakosi kicheko. Pale hakucheka mtu.

"Mwanangu," Mama Zaina akasema, "huyo ni mama yake mzazi. Na hawataonana tena mpaka siku ya kufa kwake."

Hapo mwenye akili angeomba msamaha. Mi nikajibu, "Mama, hicho ni Kihindi cha zamani, kina mafumbo."

Yule mwanamke wa kwenye filimu akaanza kuimba, na mkeka mzima ukaimba naye. Kihindi! Kuanzia mwanzo, ubeti kwa ubeti, macho yamejaa machozi. Yampayinka, nimekwisha! Kumbe wote wale walikulia Buyenzi kule Bujumbura, na katika usichana wao walikuwa wakienda sinema Jumapili mchana, maonyesho ya wanawake tu, na filimu hiyo hiyo waliirudia mpaka wakaijua kuliko nyumba zao. Vita vikawatawanya, hawakuiona tena. Mi ndiye niliyewaletea, halafu nikamfanya mama wa watu mwizi wa kuku.

Nikadhani imeishia hapo. Mjomba Hamisi, mshenga wangu mwenyewe, akanigeukia mbele ya wakwe. "Ngoja kwanza. Yule askari kipofu wa filimu ile nyingine, niliyemlilia pale kibandani kwako, hakuwa kipofu?"

"Hakuwa, mjomba."

"Na pacha wake aliyepotea?"

"Hakuwa na pacha."

"Mungu wangu! Na mi nilifunga kwa ajili yake!"

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Zaina akatoka nje amejifunika uso na kanga, sikujua kama anacheka au analia, na mi nikatamani konvoi iondoke saa ile ile.

Mama hakucheka. Akanionyesha nafasi mlangoni, karibu na viatu, nikakaa, filimu ikaenda mpaka mwisho bila mtafsiri. Yule mama akafa amemshika mwanawe mkono. Nililia, sifichi.

Kisha Mama Zaina akaniuliza, "Haya. Kabla ya kukata roho alisema nini?"

Jibu lilishanifika mdomoni (lilikuwa zuri, lina baraka, lina kisima cha babu), na hapo nikamwona Zaina amerudi mlangoni, macho mekundu, ananitikisia kichwa polepole. Nikalimeza lile jibu.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui," akasema. "Kihindi mi sijui hata neno moja, nyimbo tuliziimba tu kama tulivyozisikia. Lakini mama anakufa, amemshika mwanawe. We unataka mtafsiri wa nini?" Halafu akamwambia mjomba Hamisi, "Huyu anaweza kusema sijui. Tuzungumze mahari."

Zaina nilimpata, kaseti ikabaki Muyinga, na mjomba Hamisi aliwatangazia habari hii watu wa Gitega nzima kabla lori halijapakuliwa. Tangu siku ile filimu nisiyoiona mpaka mwisho siitafsiri, na ile ya zamani siigusi kabisa, ina wenyewe, wamekaa nyuma kwenye mkeka wanakusubiri. Mama mkwe akiiweka, mi nakaa karibu na viatu.