Kupima Linux kwenye Laptop ya Muuza Nyimbo

Kipigo nilichokula Kasulu mwaka 2014 nilikitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Pale sokoni kulikuwa na mzee, kazi yake kuingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Laptop yake ilijaa virusi kama mbwa mwenye kupe. Ukiiwasha, unaenda chooni unarudi, bado. Nikamshauri abadili mfumo unaoendesha kompyuta, aweke Linux, virusi vile haviiwezi, ila tupime kwanza kama mashine itaikubali. Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi alinipa flashi yenye Linux: unachomeka, unawasha, inajiendesha kwenye flashi hukohuko, ndani ya laptop haigusi kitu.

Hilo la mwisho sikumwambia. Alikuwa anawahi swala ya adhuhuri.

Nikachomeka. Kioo sawa, sauti sawa, vitufe sawa. Nahangaika na waifai, yeye huyo karudi. Kioo cheupe, safi, hamna folda hata moja.

"Dogo, nyimbo zangu ziko wapi?"

"Zimeshavuka mpaka, mzee."

Ngumi ya kwanza puani. Nikaangukia spika, akanifuata na waya wa umeme, ananichapa mgongoni huku analia kwamba nimemuibia, wanawe watakula nini. Jirani akasikia hilo la kuibia tu, akapiga yowe. Basi. Mwizi sokoni kwetu hana maelezo. Teke la mbavu, jiwe la sikio, bodaboda mmoja kashatoka kutafuta petroli.

Nikapayuka kwamba zimo, achomoe flashi, awashe upya. Mzee akainua mkono, wakasubiri. Akawasha. Ndiyo virusi navyo vikaanza maringo. Kiduara kinazunguka, mtu kanikanyaga shingo, damu inanijaa mdomoni, kiduara kinazunguka. Wa petroli akarudi na chupa, akauliza tunangoja nini.

Folda zikatokea, moja moja. Mzee akagusa wimbo, ukalia. Watu wakatawanyika wamenuna, kama mechi imeahirishwa. Aliyenikanyaga shingo akaniachia teke la kuagia.

Mzee akaninawisha uso kwa maji ya birika lake la udhu. Samahani hakusema. Aliuliza tu kama laptop imeikubali hiyo Linux.

Nikatema jino kwanza.

"Imekubali, mzee. Mimi ndiyo nimekataa."