Mistari Miwili ya Eliona

Muulize mtu yeyote hapa Moshi nani alianzisha jarida la Viumbe wa Mlima, atakwambia Mwalimu Thadeus. Sawa, sikatai. Wazo lilikuwa lake na hotuba zote zilikuwa zake, tena ndefu. Lakini mimi Flavia nilifunga bahasha za jarida hilo tangu toleo la kwanza mpaka mgongo ukagoma, na nakwambia lile jarida lilisimama kwa mikono ya Eliona, mpiga chapa wetu.

Mwaka 1986 tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya shule aliyofundisha Thadeus, taipureta moja, na mashine ya kurudufu ya stensili, ya kuzungusha kwa mkono. Nakala arobaini, kurasa kumi na mbili: vipepeo, vyura, mbega, miti ya msituni. Wino ulitupaka hadi masikioni. Eliona alikuwa mwanamke mfupi wa Machame, mwanakwaya, mkali kuliko pilipili, na herufi haikumponyoka. Thadeus akikosea jina la kisayansi la mdudu, alirudishiwa karatasi yake papo hapo. "Mwalimu, huyu mdudu mwezi jana hakuandikwa hivi."

Mambo yakafunguka nchini. Karatasi iliyokuwa adimu kama sukari ikajaa madukani. Kompyuta ilipokuja mwaka 1995, Eliona aliizoea kwa wiki mbili, Thadeus bado anaizunguka kwa mbali. Nakala zikafika mia sita, zikawa zinavuka mpaka wa Holili kwenda kwa watafiti wa Kenya, nyingine zinakwenda Ulaya. Wataalamu waliotucheka wakaanza kutuletea makala, na Eliona akawa anawarudishia warekebishe. Jamani, nilikuwa nafurahi!

Mwaka 2001 chuo kikuu kimoja kikasema kiko tayari kulitambua jarida letu rasmi, mradi tuchapishe utafiti wa muda mrefu uliofanyika hapahapa mlimani. Tulijua uko wapi. Mzee Ndelilio, mkulima wa kahawa wa Marangu, alikuwa akiandika kila siku tangu 1985 idadi ya ndege hondohondo walioshuka kutoka msituni kula matunda ya mkuyu wa kihambani, shamba la nyumbani kwake. Miaka kumi na sita, na hata Krismasi hakuruka. Tulichohitaji ni madaftari yake tu.

Mzee akakataa.

Thadeus alipanda Marangu mara tatu. Mara ya tatu alibeba kilo tano za sukari, akarudi nazo.

"Ananiita mwizi," alituambia, akaketi kwa kishindo. "Eti mwaka 1988 tulichapa habari za hondohondo wake bila jina lake. Tuliandika 'mkazi mmoja wa Marangu'. Alikuwa amelipeleka jarida kanisani awaonyeshe wenzake, wakalisoma lote, jina hawakuliona. Mpaka leo wanamwita Mkazi Mmoja. Na mimi naapa niliandika jina lake! Sijui lilikwenda wapi."

Nilimtazama Eliona. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kompyuta.

"Mimi nililikata," alisema. "Stensili ilikuwa ya mwisho na nafasi ilikwisha, ikabaki mistari miwili ya shukrani. Nikaibana, jina likawa 'mkazi mmoja'. Nilijua nimekosa, Mwalimu, nikanyamaza kwa aibu. Miaka kumi na tatu unaitwa mwizi kwa ajili yangu."

Mae! Thadeus alifoka mpaka madirisha yakasikia. Kesho yake Eliona alikwenda kihambani kwa mama yake, akakata jani la sale.

Kwa wasiotujua: sale ndio mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini kwa wazee wetu. Mchagga akikukosea akakuletea jani lake, hulikatai. Ukilikataa, lolote litakalokupata, watu watasema umelitaka mwenyewe. Lakini halibebwi ovyo, maana ukilishika umeshakiri. Niliongozana naye hadi Marangu, na nisijisifu, ilikuwa kwa umbeya zaidi kuliko upendo.

Tulimkuta mzee chini ya mkuyu, daftari gotini.

"Shikamoo baba," Eliona alisema, akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. "Aliyekata jina lako ni mimi, si Mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha."

Mzee alilitazama lile jani la sale mkononi mwa Eliona.

"Marahaba. Unajua lililoniuma, binti? Si sifa. Mke wangu hakujua kusoma. Nilimwambia, humu ndani nimo. Amekufa akiamini nilimdanganya."

Eliona alilia kwa sauti, na mimi niliyekuja kwa umbeya nikalia kuliko yeye. Mzee akalipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani, akatoka na madaftari kumi na sita yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Safari hii jina langu likae juu," alisema.

"Litakaa juu, baba."

Wiki ya kuchapa, mwenye kiwanda cha uchapaji tulichokuwa tukikitumia siku hizo akapiga simu: ukurasa wa kwanza umezidi mistari miwili, kata kitu. Eliona aliutazama ukurasa kwenye kompyuta, akatabasamu, akakata. Toleo likatoka, chuo kikalitambua, na Eliona mwenyewe akampelekea mzee nakala ya kwanza. Ninasikia aliisoma kwa sauti kaburini kwa mkewe, kuanzia jina.

Thadeus alilifungua jarida ofisini mbele yetu, miwani puani. Akageuza, akarudi ukurasa wa kwanza, akaukodolea macho.

"Eliona! Hapa chini ya jina langu palikuwa na shahada zangu mbili, na Mhariri Mkuu, na Mwanzilishi. Ziko wapi?"

"Nafasi ilikwisha, Mwalimu."

"Ilikwisha! Na hukuniuliza?"

Eliona aliinuka, akachukua khanga yake kwenye kiti.

"Kihambani kwa mama si mbali," alisema. "Nikuletee sale?"