Bereti ya Afande na Vibao Vilivyogonga

Habari za msiba zilinikuta sokoni Kalerwe, nikibishania bei ya nyanya. Mwanakwaya mwenzangu alinishika mkono akaniambia kwamba Afande ametutoka alfajiri. Nyanya nikaziacha pale pale. Wasomaji wangu mnanijua, safu za kulialia siziwezi, na leo naandika juu ya mwanamke aliyeshinda, nami naona fahari kwamba nilikuwepo.

Alikuwa polisi mstaafu kutoka kaskazini, jirani yangu hapa Makindye, na kanisani alipiga otohapu, kile chombo cha nyuzi kinachopakatwa, chenye vibao vya kubonyeza ili kunyamazisha nyuzi zisizotakiwa. Vibao vyake vilikuwa vimechakaa, vikigonga ta-ta-ta kama meno ya mtu mwenye homa. Mwalimu wetu mpya wa kwaya, kijana mstaarabu lakini mwenye haraka, alivumilia wee mpaka akachoka. Akamwambia mbele yetu sote kwamba Jumapili ijayo iwe ya mwisho, mama apumzike, kinanda cha umeme kitatosha. Kwa mtu aliyeishi peke yake, asiye na shughuli nyingine ya kumtoa nyumbani, ile ilikuwa hukumu.

Mimi na kiherehere changu nikajitosa. Nilikipeleka chombo kwa fundi wa gereji kule Kisenyi, naye kwa nia njema kabisa akapaka grisi kwenye mianya ya vibao. Loo! Kelele iliisha kweli, maana vibao havikuinuka tena. Afande hakunigombeza. Alishinda siku mbili akiifuta grisi kwa pamba, akiniita injinia. Siku ya tatu aliniita sebuleni kwake, akabonyeza kibao polepole bila kugusa nyuzi. Kimya. Akakiachia, kikagonga.

"Unasikia? Haigongi ikienda chini," akasema. "Inagonga ikirudi juu."

Sote tulikuwa tumetazama chini, kumbe kibao kikirushwa na springi yake kiligonga kifuniko. Akaingia chumbani, akatoka na mkasi na bereti yake ya kazi ya sufu, aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu astaafu. Nilimsihi asiikate, kitambaa cha sufu tungekipata sokoni. Alicheka.

"Kichwa kimestaafu," akasema. "Vidole bado."

Akaikata vipande vyembamba, akavibandika kwa gundi chini ya kifuniko, pale vibao vinaporudi.

Jumapili ile alipiga wimbo wa kwanza, tukasikia nyuzi peke yake. Mwalimu alisahau kuongoza, akainama kutazama kama kweli vibao vinabonyezwa. Baada ya ibada alimwomba radhi mbele ya kwaya ile ile, akamsihi abaki. Afande alimjibu kwamba hakuwa amepanga kwenda popote. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, na nilifurahi kuliko mwenye chombo. Aliendelea kupiga hadi Jumapili iliyopita.

Mjini hapa tuna haraka. Kitu kikipiga kelele tunanunua kipya, mtu akizeeka tunamwambia apumzike, tena tunadhani tumemfanyia hisani. Kabla hujamweka mtu kando, keti naye usikilize kelele inatoka wapi. Sisi nusura tuunyamazishe mkono usio na kosa.