Siku Nilipohukumu kwa Miguu

Kwa wiki saba nilikana. Nilikana mbele ya karani wangu, nikakana mbele ya majaji wenzangu wakati wa chai, nikakana hata mbele ya mume wangu, na kanisani nilikana kwa kutikisa kichwa tu ili nisiseme uongo kwa mdomo. Nilisema yule mwanamke wa kwenye video, ambaye kitenge kimemwanguka kichwani, kiatu kimoja hakipo, na anaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ni mdogo wangu Kabula, tunafanana sana tangu utotoni. Sasa nakiri. Ni mimi. Kabula hajui hata kucheza.

Ili mnielewe, lazima mjue kazi yangu. Mimi ni jaji, na nimebobea kwenye hakimiliki na alama za biashara, elimu iliyonigharimu miaka mingi ya chuo na macho yote mawili. Kwa muda mrefu kesi zangu zilikuwa za biskuti iliyoiga karatasi ya biskuti nyingine, na sabuni mbili za mche zilizogombania picha ya twiga. (Mama yangu, akiulizwa sokoni binti yake anafanya kazi gani, hujibu, "Anahukumu sabuni.") Kwa hiyo lilipotua mezani kwangu jalada la wimbo, tena wimbo wa Kisukuma, tena hapa hapa Shinyanga, nilifunga mlango wa ofisi nikajizungusha kwenye kiti mara tatu. Nilikuwa nimeisubiri kesi hiyo tangu nikiwa mwanafunzi.

Mdai alikuwa Luhende, manju wa Didia, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi cha ngoma. Mdaiwa alikuwa Masunga, zamani mchezaji wake, ambaye alikwenda Geita kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akaingia studio na kurekodi wimbo ambao sasa unalia kwenye kila duara, yaani shimo la wachimbaji, kila harusi na kila simu. Luhende alisema wimbo kautunga yeye. Masunga alisema kautunga yeye, tena akiwa chini ya ardhi. Mimi nilikuwa nimesoma maneno yake kwenye jalada tu, yametafsiriwa na kupigwa chapa, makavu kama risiti. Kielelezo chenyewe, yaani sauti, kilikuwa hakijachezwa mahakamani, na nje ya mahakama niliziba masikio kila ulipopigwa.

Jumamosi moja Kabula akanipigia. "Dada, shikamoo. Leo kuna ngoma Didia, twende."

"Marahaba. Wanashindana akina nani?"

"Watu tu." (Kabula hujibu hivyo hata ukimuuliza kaolewa na nani.)

"Nusu saa," nikasema. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa maneno mawili, maana tulipofika tu nikaliona gari la Masunga lenye spika juu na jina lake ubavuni, na upande wa pili wa uwanja nikamwona Luhende na wachezaji wake, kila mmoja na jembe lake la kuchezea, na jaji mwenye akili angegeuza gari saa ile ile. Mimi nikavaa miwani ya jua, nikajifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, nikamwambia Kabula nitasimama katikati kabisa, hatua sawa kulia na hatua sawa kushoto, kama sheria inavyotaka.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Kisukuma analijua kabla hajajua kusoma. Ngoma zetu mbili hupigwa kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na kamati ya mashindano haiangalii nani kacheza vizuri. Inaangalia watu wamesimama wapi. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Yaani pale uwanjani kila mtazamaji ni hakimu, na anahukumu kwa miguu yake.

Mzee mmoja wa kamati akanijia na fimbo. "Mama, hapo katikati unafanya nini?"

"Natazama tu, baba."

"Hapa hakuna kutazama tu. Chagua upande uhesabiwe."

"Mimi sina upande."

"Hata ng'ombe ana zizi lake, mama. Sogea!" Na fimbo ikanigusa kisigino.

Nikasogea kwa Luhende, kwa sababu ndiko fimbo ilikokuwa inaelekeza. Sijakaa sawa, upande wa Masunga kukatokea kijana anayesawazisha jembe kwenye meno huku anapiga magoti, umati wote ukamkimbilia, na mimi nikabebwa nao kama gunia la pamba, nikajikuta mstari wa mbele kwa mdaiwa, karibu kiasi cha kunusa jasho lake. Nikaanza kurudi kinyumenyume. Nikamkanyaga mtu, nikaomba radhi kwa sauti yangu ya mahakamani, na yule mtu akanitazama mara mbili.

Ndipo Luhende akaanza ule wimbo.

Jamani. Wenzangu, mimi niliusoma ule wimbo miezi miwili bila kuutambua! Ile sauti ilipopanda na majembe yakaruka juu yote kwa pamoja, mwili wangu ulijua kabla yangu. Ni wimbo wa shangazi aliyeficha mbegu mwaka wa njaa. Nikavuka uwanja mbio, mwenye shahada tatu, kitenge kikabaki njiani, kiatu sijui, nikaingia katikati ya wachezaji, na Luhende alipofika mwisho wa ubeti wa pili akanyamaza kunywa maji, mimi nikaendelea. Peke yangu. Kwa Kisukuma. Ubeti wa tatu, ambapo shangazi anaulizwa mbegu ziko wapi na anajibu ziko kwenye kibuyu cha maziwa, nani atatafuta mbegu kwenye maziwa? Bibi mmoja mwenye meno mawili akanipokea kiitikio. Luhende akanitazama na kata yake ya maji mkononi, mdomo wazi.

Halafu spika ya Masunga ikasema, "Ala! Si Mheshimiwa Jaji yule? Jaji kahama! Jamani, Jaji kahama kutoka kwetu!"

Na upande wa Luhende ukalipuka, "Jaji kahukumu! Jaji kahukumu!" Kamati ikapuliza filimbi, Luhende akatangazwa mshindi, na watu wakanibeba. Sikushuka mapema, nalo nakiri.

Jumatatu karani aliniletea barua mbili. Wakili wa Masunga alitaka nijitoe kwenye kesi kwa sababu nilimkimbia mteja wake hadharani. Wakili wa Luhende naye alitaka nijitoe, kwa sababu video inaonyesha nilianza kwa Masunga nikiwa mstari wa mbele. Karani akakohoa. "Mheshimiwa, video tunayo wote."

"Yule ni Kabula," nikasema.

"Kabula anavaa miwani yako?"

"Tunaazimana."

Kwa Jaji Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wetu, niliandika kwamba nilikuwepo uwanjani. Kuwepo nilikiri, kucheza nilikaa kimya, nikaufunika ukimya huo kwa Kilatini. Nilijua wajibu wangu ni kujitoa siku ile ile, lakini niliitaka kesi ile, wenzangu, niliitaka kama mtoto anavyotaka embe la jirani, na kila asubuhi nililitazama jalada kwenye rafu nikajiambia labda yatasahaulika. Kabula naye alikuwa anasimamishwa njiani kupongezwa, na kwa ninavyomjua, alikuwa anapokea.

Nimejifunza, tena kwa aibu, kwamba katikati ya uwanja wa ngoma hapakaliki, na anayejidai anaweza kukaa hapo ndiye atakayekimbia kuliko wote. Nimeapa: nikiwa na jalada mezani, nikisikia ngoma nafunga vioo vya gari na naimba nyimbo za kanisa mpaka nipite.

Wiki ya saba, simu ikalia. Jaji Mfawidhi.

"Mheshimiwa, lile jalada nimempa mwenzako."

Nikaketi.

"Ila kuna jambo. Wale watu wawili wamekubaliana kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Kila mmoja anasema yule mwanamke aliimba ubeti wa tatu, na kila mmoja anakiri ubeti huo haujui. Wanataka kujua alifundishwa na nani."

Akilini nilimwona Kabula akipanda kizimbani badala yangu. Nilimwona kabisa, na jibu lake lingekuwa, "Watu tu."

"Bibi yangu, Mheshimiwa," nikasema. "Tulikuwa tunapalilia karanga. Na yeye alifundishwa na mama yake."

Nikasikia kalamu yake ikiandika.

"Basi hakuna mtunzi kati yao," akasema polepole. "Uje uyaseme hayo Jumatatu, saa tatu, utaapishwa kama shahidi yeyote. Na Mheshimiwa, joho uliache nyumbani."