Karanga za Mbegu

Harufu ya karanga zikikaangwa kwenye kigae hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, miaka ya thelathini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Mama alikuwa ametundika darini kapu la karanga za mbegu zikisubiri mvua. Nilizila mimi, konzi moja kila siku. Kapu lilipopungua, mama alituita, mimi na dada yangu Minza, msichana wa miaka kumi na mitano. Shavu lake la kushoto lilikuwa limeanza kututumka. Nikamnyooshea kidole. “Huyo hapo, mama! Hata hajazimeza!”

Ulimi hauna mfupa. Mama alimpekua kinywa asikute kitu, lakini neno lilikwisha kutoka. Watoto kisimani wakawa wanamzomea, “Minza, tema karanga!” Naye akajifunika kanga usoni, akawa anakula peke yake. Mbegu zilizobaki zikapandwa, zikachanua, zikang'olewa. Chini ya kanga ile taya nalo lilikuwa likikua, gumu kama jiwe, bila maumivu, hadi siku meno mawili yalipolegea, akayatema mkononi mwa mama.

Baba alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikisukuma kwa nyuma, hadi hospitali ya misheni. Daktari alitueleza kwamba uvimbe wa taya una aina nyingi: mwingine ni usaha wa jino bovu, mwingine huwavimbisha watoto wadogo kwa majuma machache na kuwaua. Wa Minza ulikuwa wa polepole, hausambai mwilini, ila hula mfupa. “Mngemleta mapema ningekata kidogo,” alisema. “Sasa itabidi niondoe nusu ya taya. Ukibaki hata kidogo, utarudi.”

Asubuhi ya kupasuliwa nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikaungama yote. Minza akacheka kwa upande mmoja. “Nilijua. Siku ile kinywa chako kilinuka karanga.”

“Mbona hukusema, dada?”

“Mama angekuua bure, nami ningebaki kucheza na nani?”

Alipona. Uso ulibonyea, lakini aliolewa, akazaa, akazeeka. Siku hizi mjukuu wangu akivimba ufizi hupigwa picha asubuhi, na jioni tunajua la kufanya. Nashukuru Mungu kwa hilo, na kwa daktari yule, ingawa ule msimu niliomwibia dada yangu sina pa kuurudishia. Hadi leo hatafuni upande wa kushoto, kwa hiyo kila mavuno hutwanga karanga zake na kunitumia kopo moja. Mjukuu wake anayetumwa hunipa shikamoo, kisha hurudia maneno yaleyale: “Bibi anasema hizi si za mbegu. Kula tu.”